Bi Hakiki na Mafaili Sitini na Moja

Ndugu wafiwa, majirani, wakuu wa chuo cha biashara mliokaa safu ya pili, na kina mama wa chama cha washonaji ambao nawaona kule kushoto mkiwa na sare zenu, mimi ni mdogo wake marehemu, yule wa mwisho, fundi majokofu, na nimepewa kazi hii kwa sababu kaka mkubwa amepoteza sauti kwa kulia, na dada anayenitangulia alisema hawezi kusimama mbele ya watu, ingawa na mimi siwezi.

Nitasema jambo moja mapema, msije mkadhani nimeteleza katikati ya kusoma. Historia iliyopitishwa na kikao cha familia siku ya Jumanne ilikuwa na kurasa tatu, baba mkubwa akaipima kwa saa yake ya mkononi ikawa dakika tisa, na hii niliyoshika ni ndefu zaidi, kwa sababu ndani yake nimeweka kurasa mbili ambazo marehemu aliziandika kwa mkono wake akiwa kitandani hospitali, akaniagiza nizisome leo mbele yenu nyote, kabla kina mama wa chama hawajapiga kura yao kesho Jumamosi saa nne asubuhi. Kikao kilisema zisisomwe. Nimezileta, naogopa sana, na sijui tukitoka hapa ni nani atakayekuwa bado ananisalimia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bi Hakiki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1982, saa tano asubuhi, katika zahanati ya kiwanda cha sabuni ambako marehemu baba yetu alikuwa mlinzi wa lango, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama anasema hakulia alipotoka, alifungua macho akaangalia chumba chote kama mpangaji anayekagua nyumba kabla ya kuhamia, mkunga ndiye aliyeingiwa na hofu, akampiga kidogo mgongoni ndipo akalia. Nasema kwa heshima, na yeye mwenyewe asingebisha, dada yangu alikuwa muoga, aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa jiko lililozimwa kwamba huenda halikuzimwa, na tukiwa njiani kwenda shule alirudi kukagua kufuli la mlango, tukifika kwenye mfereji anarudi tena, baba akiwa pale langoni anatuona tukipita na kurudi, akampa hilo jina la Bi Hakiki, na sisi wengine tukawa tunaadhibiwa kwa kuchelewa kwa sababu ya kufuli ambalo halikuwahi kukutwa wazi hata siku moja.

Alianza shule ya msingi Januari 1989 na kumaliza Novemba 1995, akasoma sekondari kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, na kote huko alikuwa wa kwanza au wa pili, lakini kila ikifika siku ya matokeo alishikwa na tumbo, akajifungia chooni, mama akawa ndiye anayekwenda kumsomea kwenye ubao wa matangazo, na akirudi na habari njema anaulizwa kupitia mlangoni kama ameliangalia jina vizuri au ni la mtu mwingine. Lile tumbo la matokeo lilikuwa kichekesho cha nyumbani kwetu kwa miaka mingi, na naomba mlikumbuke, kwa sababu baadaye lilitudanganya sote.

Alijiunga na chuo kikuu Septemba 2002, akahitimu shahada ya kwanza ya biashara tarehe 18 Novemba 2005, na Januari 2006 akaajiriwa benki, dirisha namba nne, ambako wateja walimlalamikia kwamba anarudia kuhesabu mno, na meneja akampenda kwa sababu hiyohiyo. Hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, mpima ardhi, mtu ambaye hata akitundika picha ukutani lazima atumie pima maji, naye alikuwa akija kila Ijumaa kuomba noti moja ileile ikaguliwe kama si bandia, mpaka siku marehemu alipomwambia kwamba hiyo noti sasa anaijua mpaka mkunjo wake, na kama ana neno aseme. Walifunga ndoa tarehe 7 Novemba 2009, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2011, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 2014, wako hapa mbele na baba yao, wamenyamaza kuliko watoto wanavyotakiwa kunyamaza. Alipata shahada ya uzamili mwaka 2012, akaacha benki, akaajiriwa kuwa mwalimu msaidizi katika chuo cha biashara, na tarehe 2 Oktoba 2017 akaanza masomo ya shahada ya uzamivu katika fedha, yaani udokta, na kuanzia hapo historia hii naijua kwa macho yangu, kwa sababu majokofu ya chuo kile ninayatengeneza mimi, kwa mkataba, ambao huenda baada ya leo nisiwe nao.

Walianza watu kumi na mmoja. Walipewa chumba ghorofa ya tatu, chenye meza nne na viti sita, karibu na chumba cha chai chenye jokofu ambalo raba ya mlango wake nimeibadilisha mara tatu, na kila mwaka mwezi wa Juni walikaa mbele ya jopo la walimu, na baada ya jopo kulikuwa na meza iliyobaki tupu, mwenyewe amekwenda zake bila kuaga, kikombe chake bado kiko pale. Kufikia mwaka wa nne walibaki wanne. Marehemu aliniambia kwamba hakuwahi kulala vizuri mwezi wa Mei tangu aingie chuo kile, simu yake aliilaza kifudifudi mezani ili asione barua pepe ikiingia, na akiona jina la msimamizi wake kwenye kioo anatoka nje kwanza, anazunguka maegesho mara moja, ndipo anarudi kuisoma akiwa amesimama. Msimamizi huyo yuko hapa, nakusalimu mwalimu, na lazima niseme hakuwa mtu mkali wa kupiga kelele, ukali wake ulikuwa swali moja tu, alikuwa akisoma ukurasa, anavua miwani, anauliza, "Una uhakika?" Siku moja nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jokofu na mlango uko wazi, nikamsikia akimuuliza hivyo, na nikamwona dada yangu, mama wa watoto wawili, anashika ukingo wa meza ili asianguke.

Sasa niwaeleze alichokuwa akikisoma, na mkiona fundi majokofu anaeleza mambo ya udokta vumilieni, alinifundisha mwenyewe. Alisoma vyama vya akiba na mikopo, hivi vyetu vidogo, vya washonaji, vya walimu, vya madereva, na aliuliza swali moja, kwamba chama kikimkopesha mwanachama bila kumtaka alete wadhamini wawili, kikaangalia tu jinsi anavyoweka akiba, je, chama hicho kinadhoofika au kinasimama. Novemba 2018 alikwenda ofisi ya msajili wa vyama, akapewa orodha ya vyama mia mbili na kumi na vinne, akavifuata kimoja kimoja kurudi nyuma miaka kumi, kila hesabu akairudia mara tatu kama alivyokuwa akirudi kwenye lile kufuli, na jibu alilolipata lilikuwa la kufurahisha, vyama vilivyoondoa wadhamini vilikuwa vimesimama vizuri kuliko vingine. Msimamizi alifurahi, mkuu wa idara alifurahi, na tasnifu ikawasilishwa tarehe 1 Desemba 2022, kurasa mia mbili na tisa.

Mwezi huohuo wa Desemba tumbo likaanza. Tulimcheka. Tulisema hilo ni tumbo lake la matokeo, anaogopa utetezi wa tasnifu, yeye mwenyewe akacheka, akanunua dawa ya vidonda vya tumbo duka la jirani, na mimi hapa ndiye niliyemwambia kwamba akishapata udokta litapona lenyewe, maneno hayo niliyasema nikiwa nakula kwake.

Tarehe 22 Februari 2023 alirudi ofisi ya msajili kwa jambo dogo, chuo kilitaka barua yake ya ruhusa igongwe mhuri mwingine kwa sababu wa kwanza ulififia, na karani wa pale, mama mmoja mwenye utani, akamwambia mhuri umefungiwa stoo, amfuate. Stoo ilikuwa nyuma, chumba kisicho na dirisha, na kwenye rafu ya chini kulikuwa na mafaili yamefungwa kwa kamba, marehemu akauliza ni ya nini, karani akamjibu, "Hayo ni ya vyama vilivyokufa. Chama kikifungwa tunakitoa kwenye orodha, faili linakuja huku." Alisema hivyo akitafuta mhuri, wala hakugeuka.

Ndugu zangu, nitalisema kwa lugha ya karakana ili tuelewane. Mtu akitaka kujua kama majokofu ya aina fulani yanadumu, akaenda jikoni kwa watu kuhesabu yale yanayogandisha barafu leo, atasema aina hiyo ni nzuri sana, haiharibiki, na atakuwa amekosea, kwa sababu yaliyoharibika hayako jikoni kwa watu, yako nyuma ya karakana yangu, yamepangwa mpaka dirishani. Dada yangu alihesabu ya jikoni. Miaka minne alirudia hesabu mara tatu kila ukurasa, na hakuwahi kuuliza ile orodha imeacha nani, kwa sababu orodha ilikuwa ya serikali, ina mhuri, na yeye alikuwa akiogopa kukosea hesabu, hakuwaza kuogopa orodha.

Karani alimpa kreti ya soda akaigeuza akakalia, akasoma siku ile, na siku tatu zilizofuata, mafaili sitini na moja. Katika hayo, vyama arobaini na vinne vilikuwa vimeondoa wadhamini. Aliniambia kwamba hesabu haikumtisha kama karatasi za mwisho za kila faili, kwa sababu karatasi ya mwisho mara nyingi ilikuwa orodha ya wanachama waliofika ofisini kuulizia akiba zao, wengine wamesaini, wengine wameweka dole gumba, na katika faili moja, la chama cha wapishi wa mashuleni, kulikuwa na majina mia moja na themanini, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi, hawakukuta kitu. Alipoviongeza hivyo vyama kwenye hesabu yake, jibu lilipinduka, lile zuri likawa baya. Alikuwa amebakiwa na wiki saba kabla ya utetezi, na hakumwambia mtu yeyote, si mume, si mimi, si mwalimu wake.

Utetezi ulifanyika Ijumaa tarehe 14 Aprili 2023, saa tatu asubuhi, ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza, na mama alikaa nje kwenye benchi la korido akiwa na mfuko, ndani ya mfuko kulikuwa na joho jekundu alilolishona mwenyewe kwa wiki mbili, akidhani linavaliwa siku ileile. Marehemu alijibu maswali matano. Swali la sita liliulizwa na mtahini kutoka nje, akamuuliza orodha ya vyama ameitoa wapi, na aliniambia kwamba hapo aliona mlango umefunguliwa, angeweza kupita, maneno yalikuwa mdomoni, lakini alimwona mwalimu wake anatabasamu, akawaza mama yuko korido, akawaza miaka mitano na nusu, watoto, ada, meza zilizobaki tupu, akasema, "Kwa msajili." Na kweli ilikuwa kwa msajili. Mtahini akaitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa mwingine, na baada ya saa moja wakampigia makofi, kafaulu, marekebisho madogo. Alitoka akamkumbatia mama, na mama akafurahi kwamba mwanawe anatetemeka kwa furaha.

Tarehe 2 Mei tumbo lilimwangusha darasani mbele ya wanafunzi, akapelekwa hospitali, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Daktari alimweleza shemeji akiwa amekaa na mimi nimesimama, alisema kama angekuja Desemba huenda ingekuwa habari nyingine, huenda isiwe, na sisi wote wawili tuliangalia sakafu, kwa sababu Desemba tulikuwa tunacheka. Marehemu aliogopa kufa, sitaki kuwadanganya kwamba aliipokea habari kishujaa, alikuwa akimshika muuguzi mkono asiondoke, akauliza dripu kama imehakikiwa, akaniomba nikague kama dirisha limefungwa, nami nililikagua mara tatu kila siku bila kuambiwa.

Mama katika furaha yake alikuwa amechukua ukurasa mmoja wa tasnifu, ule wa muhtasari, akaupeleka kwa mwenyekiti wa chama chake cha washonaji, na mwenyekiti akautolea nakala, kila mwanachama akapata yake, wanachama mia nne na kumi na wawili, kwamba mtoto wa mwenzetu amethibitisha chuoni tuondoe wadhamini, na kura ikapangwa tarehe 24 Juni. Mama alikuja kumwambia habari hiyo tarehe 27 Mei, saa za kutazama wagonjwa, akiwa amevaa gauni lake zuri. Marehemu alitapika hapohapo, muuguzi akasema ni dawa, na mama akamfuta mdomo akiendelea kumsimulia jinsi kina mama walivyosema wanamwombea. Mama alipoondoka ndipo aliponiita nisogee, akanieleza yote niliyowaeleza, kuanzia kwenye mhuri uliofifia, kwa sauti ndogo, akisimama kila baada ya maneno machache, na nikaingiwa na woga ambao haujanitoka hadi dakika hii.

Tarehe 30 Mei alimpigia simu msimamizi wake, mimi nikiwa nimemshikia simu sikioni, akamwambia kila kitu. Mwalimu akasema, "Pona kwanza. Hilo tutaliweka kwenye tanbihi." Namheshimu mwalimu, alikuwa akizungumza na mgonjwa, na nadhani na yeye aliogopa, maana jina lake liko kwenye ile tasnifu chini ya jina la dada yangu. Lakini tanbihi ni yale maneno madogo ya chini ya ukurasa, na ukurasa walio nao kina mama hauna kitu chini. Nilimwambia dada tumwite mama tumweleze leo, akakataa, akasema hawezi kuiona sura ya mama ikibadilika, akaomba daftari, akaandika kurasa mbili, ilimchukua siku nne, na tarehe 11 Juni akanikabidhi akasema, "Usiwaache wapige kura kabla hujasoma. Na mimi nitakuwa sipo, kwa hiyo hutaweza kuniambia umeshindwa." Alifariki dunia Jumatatu tarehe 19 Juni 2023, saa nane mchana, wodi namba tano, kitanda cha dirishani, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, miezi mitatu na siku tano.

Katika kikao cha Jumanne niliziweka kurasa hizo mezani. Baba mkubwa alizisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema msiba si mahali pa kusahihisha mitihani, na kwamba chuo kimeandika barua ya kumtunuku udokta akiwa marehemu, msalaba umeshaandikwa Dokta, na mimi nataka kumvua dada yangu cheo akiwa ndani ya jeneza. Ni kweli, baba mkubwa, ndivyo ninavyofanya. Usiponisalimia nitaelewa.

Lakini sikutaka mama alisikie hapa kwa mara ya kwanza, hivyo Jumatano mchana nilikwenda nikamkuta amekaa kwenye cherehani yake, hashoni, amekaa tu, na lile joho liko mapajani, alitaka marehemu avalishwe. Nikamweleza, na niliogopa kuliko ninavyoogopa sasa. Hakulia, hakunikatiza, akauliza jambo moja tu.

"Wakati yuko mle ndani, alikuwa anaogopa?"

Nikamwambia ndiyo, mama, sana.

Akasema, "Na mimi nilikuwa hapo nje, kwenye benchi." Akalikunja joho vizuri, mkono juu ya mkono, akalirudisha kabatini, akaniambia nikasome, ila nisimtazame wakati ninasoma. Basi mama, sijakutazama, wala sitakutazama. Marehemu amevaa gauni lake la bluu alilokuwa akifundishia.

Hizi sasa ndizo kurasa zake, nimeacha yale ya mumewe na watoto, hayo nimewapa wenyewe.

"Kina mama wa chama cha mama yangu, mimi niliyeandika ule ukurasa mlio nao ndiye ninayewaomba msiufuate. Nilihesabu vyama vilivyo hai peke yake. Vilivyokufa vilikuwa stoo, sikuuliza, na siku nilipovikuta nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, si kwa sababu sikujua. Vyama arobaini na vinne kati ya sitini na moja viliondoa wadhamini, na watu wake walikwenda kuulizia akiba zao wakakuta mlango umefungwa. Sisemi nanyi yatawapata. Ninasema sijui, na nilisimama mbele ya watu nikajifanya ninajua. Msiwaondoe wadhamini wenu mpaka mtu mwingine ahesabu vyama vyote, vilivyo hai na vilivyokufa. Chuo changu, nashukuru, lakini msinipe kitu ambacho sikukimaliza. Mkitaka kunifanyia jambo, mtumeni mwanafunzi mwingine kule stoo, na mumpelekee kiti, ile kreti inaumiza. Mama, nisamehe. Ulikuwa unafurahi, nikashindwa."

Ndivyo alivyoandika, na sahihi yake iko chini, yeyote anayetaka kuihakiki aje aione, sitaificha. Mwenyekiti wa chama, mafaili yako ofisi ya msajili, mlango wa nyuma, rafu ya chini, na karani amekubali kuwafungulia kesho saa mbili asubuhi, kabla ya kura, mkitaka kuona kwa macho yenu zile alama za dole gumba. Fundi seremala ameniambia neno lile kwenye msalaba anaweza kulipaka rangi kwa nusu saa, anasubiri kauli ya familia, na mimi nimeshatoa yangu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, hasa yule muuguzi aliyeuacha mkono wake ushikwe mpaka zamu yake ikapita, nawashukuru majirani mliopika na kufagia bila kuitwa, wanafunzi wake mliombeba siku aliyoanguka, wenzake watatu waliobaki katika kile chumba cha meza nne, na nawaambia nyie watatu, kama kuna jambo mmelikuta na mmelinyamazia, semeni mkiwa bado mnaweza kulisema wenyewe, maana kumwachia fundi majokofu si vizuri. Namshukuru karani wa msajili, aliyempa dada yangu ukweli na kitu cha kukalia. Namshukuru na mwalimu wake, ambaye asubuhi hii pale getini alinishika mkono kwa muda mrefu bila kusema neno, nami sikujua kama ananipa pole au ananizuia, na mpaka sasa sijajua.

Dada yangu, Bi Hakiki, uliniambia sitaweza kukuambia nimeshindwa. Nimesoma yote yaliyowahusu watu hawa, sikuruka mstari, woga bado ninao, sijui kesho saa nne kina mama watanyoosha mikono upande gani, hilo haliko tena mikononi mwako wala mwangu. Wewe umeshamaliza kujibu maswali. Pumzika sasa, hakuna mtu atakayekuuliza tena kama una uhakika, lala kwa amani.